UZI: Mwani wenye sumu kwenye mabwawa ya kambamiti. Kabla hujamwaga mrututu, soma hapa

#1 Mpwani wa Kisiju (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote, na shikamooni wakubwa zangu.

Masika yakipita, maswali kwenye makundi yetu ya wafugaji huwa ni yale yale. Maji yamekuwa kijani kupita kiasi, kambamiti hawamalizi chakula, alfajiri wanasogea pembeni na kuelea, nimwage nini? Jibu la haraka ambalo huwa halikosekani ni mrututu, yaani salfeti ya shaba. Nimeona watu wakipoteza bwawa zima kwa ushauri huo, na linaniuma kwa sababu wengi wetu tumechimba mabwawa haya kwa mkopo au kwa mafao ya uzeeni. Ndiyo maana naandika kirefu.

Tuanze na mwani wenyewe. Kwenye bwawa lisilo na eareta (mashine ya kutia hewa majini), sehemu kubwa ya oksijeni ya mchana inatoka kwa mwani mdogo ulio majini, na mwani huo huo ndio unaokula amonia inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula. Ukiuondoa wote umeondoa mapafu ya bwawa. Kwa hiyo swali ni la aina gani na kiasi gani. Diatomu, zinazoyapa maji rangi ya kahawia ya dhahabu, ni chakula kizuri cha kambamiti wachanga. Mwani wa kijani wa kawaida nao hauna ugomvi na mtu. Tatizo ni makundi mawili. La kwanza ni sianobakteria, wanaofanya utando mzito wa kijani cha bluu upande ambao upepo unasukumia maji, mfano wa rangi ya mafuta iliyomwagika. La pili ni dinoflagelata, wanaogeuza maji kuwa mekundu au kahawia iliyokolea, na baadhi yao hung'aa usiku ukiyatikisa maji.

Kama huna hadubini, chukua chupa nyeupe ya plastiki, jaza maji ya bwawa robo tatu, iache kivulini bila kuigusa hadi kesho yake. Sianobakteria wengi wana vijifuko vya hewa ndani ya seli, kwa hiyo hupanda na kujikusanya juu. Mwani wa kijani na diatomu hubaki umechanganyika au hutuama chini. Hiki ni kipimo cha kukuelekeza tu. Ukitaka uhakika peleka sampuli penye hadubini na mtu anayejua kusoma anachokiona: chuo cha uvuvi FETA Mbegani pale Bagamoyo, taasisi ya utafiti wa uvuvi TAFIRI Kunduchi, Taasisi ya Sayansi za Bahari kwa walio Zanzibar, na ndugu zetu wa Kenya wana taasisi yao ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI Mombasa. Majina ya kuulizia ni Microcystis, Anabaena na Oscillatoria. Maji ya chumvichumvi yana wa kwao pia: Nodularia imewahi kuripotiwa kwenye mashamba ya kambamiti wa aina ya tiga huko Australia.

Sasa chanzo. Watu wanalaumu jua na mvua, lakini mwani unakua kwa mbolea, na mbolea ya bwawa inatoka kwenye mfuko wa chakula. Tupige hesabu pamoja. Kilo 100 za chakula chenye protini asilimia 35 zina protini kilo 35. Protini ina naitrojeni asilimia 16, kwa hiyo hapo kuna naitrojeni kilo 5.6. Kambamiti anabaki mwilini na karibu robo tu. Kilo 4 na ushei zinaishia majini na kwenye tope. Chakula hicho hicho kina fosforasi kama kilo moja na kidogo, na sehemu kubwa sana ya hiyo nayo inabaki bwawani. Kwa hiyo unachomwaga bila kujua ni mbolea yenye naitrojeni takriban mara nne ya fosforasi kwa uzito, wakati mwani kwa kawaida unataka kama mara saba. Fosforasi ikizidi namna hiyo, anayefaidi ni sianobakteria, maana baadhi yao, kama Anabaena na Nodularia, wanajichukulia naitrojeni moja kwa moja kutoka hewani na mwani mwingine hauwezi. Yaani unapoongeza chakula ili kambamiti wakue haraka, unamlisha sianobakteria kwanza.

Masika yanaingia hivi. Mabwawa yaliyo karibu na midomo ya mito, Rufiji, Ruvu, Wami, Sabaki kwa upande wa Kenya, hushuka chumvi sana wakati wa mvua. Microcystis ni wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na chumvi nyingi inamzuia. Chumvi ikishuka chini ya sehemu 10 kwa elfu anapata nafasi. Tena maji ya mvua ni mepesi, yanakaa juu ya maji ya chumvi bila kuchanganyika. Chini kunakosa hewa, tope linageuka jeusi na kunuka yai viza, na kambamiti ndiko anakolala.

Kinachoua kambamiti wengi zaidi ni mwani kufa. Sumu ipo, na nitaigusa, lakini vifo vya usiku mmoja kwa kawaida ni hewa. Mwani ukiwa mwingi sana, mchana unatoa oksijeni hadi maji yanafanya mapovu, usiku nao unavuta pamoja na kambamiti na bakteria wa kwenye tope. Alfajiri ndiyo saa ya hatari. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita kambamiti anadhoofika, ikifika 1 anakufa. Mwani wote ukifa kwa pamoja, kwa wingu la siku kadhaa, kwa mvua kubwa au kwa dawa, hakuna wa kutengeneza hewa mchana, bakteria wanaoozesha ule mzoga wanamaliza iliyobaki, na amonia yote iliyokuwa ndani ya mwani inarudi majini.

pH, yaani kipimo cha uasidi na ubesi wa maji, inazidisha ubaya. Mwani mwingi unanyonya kaboni dioksaidi mchana na pH inapanda. Kwenye joto la nyuzi 30 na pH 8, karibu asilimia 7 ya amonia ndiyo iko katika hali ya sumu. Kwenye pH 9 inafika karibu asilimia 40. Amonia ni ile ile, sumu imeongezeka mara tano au sita kati ya asubuhi na alasiri.

Vipimo vitatu vya kila mfugaji, hata mwenye bwawa moja:

Sahani ya Secchi, unaitengeneza mwenyewe kwa bati la upana wa sm 20, robo nyeupe robo nyeusi, kwenye fimbo yenye alama. Unaizamisha kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana hadi isionekane. Sentimita 30 hadi 45 ni pazuri. Chini ya 25 mwani umezidi. pH unapima saa 11 alfajiri na saa 9 alasiri, na tofauti isizidi 0.5 kwa siku. Oksijeni unapima alfajiri, na kama kifaa ni ghali changeni watu wanne watano mnunue kimoja.

Ninachofanya mimi sahani ikianza kushuka kuelekea 25: napunguza chakula nusu siku hiyo hiyo, naangalia trei za kulishia, na sirudishi hadi sahani ipande. Kambamiti havunjiki kwa siku mbili za njaa. Mengine yote yanafuata baada ya hapo. Karibuni tujadili.

#2 Mfugaji Moro

Mkuu, andiko limeshiba, hongera. Ila hapo kwenye mrututu tutofautiane kidogo. Mimi nafuga sato huku Morogoro na nimetumia mrututu miaka mingi. Unapima, unafunga kwenye kitambaa, unakokota na mtumbwi, baada ya siku tatu maji yamekaa sawa. Tatizo ni watu kukisia dozi.

#3 Mpwani wa Kisiju

Mkuu Mfugaji Moro, kwa maji baridi na sato nakuelewa kabisa, na kanuni yenyewe ipo: unachukua alkalini ya maji (uwezo wa maji kuizuia pH isiruke) kwa miligramu, unagawa kwa 100, ndiyo dozi yako ya mrututu kwa lita. Alkalini 50 ina maana nusu miligramu. Mwenye maji laini asiyepima alkalini anaua samaki, na ndiyo hao wanaokisia uliowataja.

Kwa kambamiti mambo ni mawili zaidi. Kwanza, shaba ina ukali wa pekee kwa viumbe wenye gamba na wengine wasio na uti wa mgongo. Nafasi kati ya dozi inayoua mwani na dozi inayoumiza kambamiti, hasa aliyetoka kujivua gamba, ni nyembamba. Pili, hata ukipatia dozi, umeua mwani wote kwa siku moja, na hapo unaangukia kwenye kisa nilichoeleza cha hewa kuisha. Tena sianobakteria anapopasuka anamwaga majini sumu iliyokuwa ndani ya seli yake. Kabla ya hapo ulikuwa unaweza kumkusanya na utando wake ukamtupa mbali. Shaba yenyewe haiozi, inatuama kwenye tope la bwawa na unakuwa nayo msimu ujao na unaofuata.

Mtu mwenye eareta za kutosha, anayetibu robo ya bwawa kwa wakati, mwanzoni kabisa kabla utando haujafunga, labda. Mimi mwenye pampu moja ya maji, sithubutu.

#4 Mama Kambamiti Lindi

Kaka, shukrani. Nimesoma nikiwa nimekaa pembeni ya bwawa na naona kila ulichosema. Bwawa ni nusu ekari, kina mita moja. Kambamiti ni tiga, wana miezi mitatu. Sahani leo 18. pH alasiri 9.1, alfajiri 7.8. Chumvi 9, kabla ya mvua ilikuwa 26. Oksijeni sina kifaa. Utando umejaa upande wa kaskazini, maana kusi limeanza. Nalisha kilo 12 kwa siku. Sina eareta, ninayo pampu ya dizeli. Ile chupa yako niliiweka jana, leo kijani chote kimepanda juu. Nifanye nini, na bamvua, yale maji makubwa ya bahari, bado siku tano?

#5 Mpwani wa Kisiju

Dada yangu, pole, na vipimo vyako vimeniwezesha kukujibu kitu cha maana. Fuata hivi kuanzia leo.

Chakula simamisha kabisa kwa siku mbili. Kilo 12 kwenye bwawa la hali hiyo zinaenda kwa mwani. Siku ya tatu rudisha kilo 4, uangalie trei.

Utando ukusanye kesho asubuhi kabla upepo haujakaza. Watu wawili, chandarua cha matundu madogo au kanga kuukuu, mnauvuta polepole kutoka pembeni kuelekea kona, mnauzoa kwa ndoo. Vaeni glavu na msiuache ukingoni, mvua itaurudisha. Chimbieni shimo mbali na kisima na mbali na mbuzi. Mnyama akinywa maji yenye utando ule anaweza kufa, sumu ya Microcystis inashambulia ini.

Pampu iwashe saa 6 usiku hadi jua lichomoze. Ichote maji ya bwawani na kuyarudisha bwawani, mdomo wa bomba uwe juu, maji yaanguke kwenye bati au mbao yenye matundu yapasuke vipande vipande. Usivute kutoka chini kabisa ukatibua tope.

Chokaa ya ujenzi usiiguse. Wengi wanaimwaga wakiona kambamiti dhaifu. Hiyo inapandisha pH, na wewe uko 9.1 tayari. Chokaa ya kilimo haina haraka hiyo, lakini siyo ya leo.

Bamvua likifika, ondoa zile mbao za juu za mlango wa maji ili yatoke maji ya juu, ambayo ndiyo yenye mwani na ndiyo baridi. Maji ya bahari yaingie kwa kichujio. Badilisha kama sehemu moja ya tano, usizidishe. Kutoka chumvi 9 kwenda juu ghafla kambamiti hataki, na mwani nao utakufa wote kwa mkupuo. Kesho yake kwenye maji kujaa rudia tena.

Utuletee vipimo kila siku tafadhali.

#6 Kijana wa Mtwapa

Ndugu, hapo kwa bamvua umegusa ndwele yetu. Huku Kilifi mabwawa mengi hayana pampu, yanategemea bahari peke yake. Maji mafu, siku ambazo bahari haipandi sana, yakiingia ni wiki nzima mlango hauna kazi. Mwani ukifa wakati huo, unaangalia tu. Sisi tumeamua kulisha kufuata mwezi: siku za bamvua chakula kamili, siku za maji mafu tunapunguza. Si kitabuni tulikopata, ni kwa kulinganisha daftari za wanachama.

Pia tuna samaki aina ya mwatiko ndani ya mabwawa pamoja na kamba, kamba weupe hasa. Anakula ule mwani wa chini unaofanya mkeka. Huo mkeka ukiachwa unang'oka na kuelea, ukioza ni balaa.

#7 Mpwani wa Kisiju

Ndugu wa Mtwapa, kulisha kwa mwezi ni jambo ambalo kila bwawa la pwani lingelifanya. Mabwawa yaliyochimbwa juu sana kwenye uwanda wa chumvi nyuma ya mikoko hupata maji siku chache tu kwa bamvua, kwa hiyo hesabu ya chakula lazima ijue maji yatabadilishwa lini. Naliongeza kwenye utaratibu wangu.

Kuhusu samaki wa kusafisha, Ufilipino kisiwa cha Negros walipopigwa na ugonjwa wa vibrio, bakteria wanaong'aa, miaka ya 1990, waligundua kwamba maji yaliyokaa na perege kwanza, ndipo yakaingizwa kwa kambamiti, yalikuwa salama zaidi. Lengo lilikuwa bakteria, siyo mwani, lakini mpangilio unatufaa: perege au mwatiko wawe bwawa la akiba au ndani ya wavu. Perege aliyeachiwa huru na kambamiti anamaliza chakula cha mwenzake.

#8 Mswahili wa Muscat

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nasoma huku nilipo na naona kuna upande mmoja umeachwa. Uzi unazungumza kana kwamba mwani wote unazaliwa bwawani. Huku Oman mwaka 2008 hadi 2009 bahari yenyewe iligeuka. Dinoflagelata anayeitwa Cochlodinium polykrikoides alikaa miezi mingi Ghuba ya Oman hadi Ghuba ya ndani, samaki wakafa, na mitambo ya kutengeneza maji ya kunywa kutoka baharini ikalazimika kusimama. Mwenye bwawa akifungua mlango siku kama hiyo anajiletea maradhi mwenyewe. Na huyu anaacha vijimbegu kwenye tope, ukifukuza leo atarudi hali ikimruhusu.

Korea Kusini wao tangu 1996 wanamwaga udongo wa mfinyanzi wa manjano juu ya mwani huo karibu na vizimba vya samaki. Udongo unashikana na seli na kuzamisha. Sijui kama mmewahi kujaribu bwawani.

#9 Kijana wa Mtwapa

Wa alaykum salaam mzee wangu. Hata kwetu lilitokea. Mapema mwaka 2002, kaskazi, samaki walikufa kwa wingi kuanzia pwani ya Somalia hadi Kiunga, na watafiti wakahusisha na mwani wa aina hiyo. Wazee wa Lamu wanakumbuka.

#10 Mpwani wa Kisiju

Mzee wangu wa Muscat, umerekebisha uzi na nakushukuru. Ni kweli, sianobakteria kwa kawaida ni mtoto wa bwawa, dinoflagelata mara nyingi ni mgeni kutoka baharini. Basi kabla ya kufungua mlango mtu atazame maji ya mkondo: yana rangi ya kutu? Yanang'aa usiku kuliko kawaida? Wavuvi wameona samaki wamekufa? Likiwepo moja, mlango ufungwe hata kama ni bamvua. Hapa ndipo bwawa la akiba linapojilipa, maana una maji yaliyotuama ya kutumia wakati bahari imechafuka. Wachimbaji wengi hawalitaki kwa sababu linakula eneo la kufugia. Mimi naona mwenye mabwawa manne alitoe moja liwe la akiba.

Kung'aa nako tutofautishe. Maji yakitikiswa yakang'aa, fikiria dinoflagelata. Kambamiti mwenyewe akiwa anang'aa gizani na amelegea, fikiria vibrio, na hilo ni jambo lingine kabisa.

Udongo kwenye bwawa dogo mimi naogopa. Baharini mwani unazama kwenye kina na mkondo unaondoa. Bwawani unazama kichwani kwa kambamiti, kwenye tope lile lile lisilo na hewa.

#11 Fundi wa Maji Tanga

Wakuu, mbona hakuna anayetaja molasi? Dunia nzima wanatumia molasi na probayotiki (bakteria wenye faida). Bakteria wanakula amonia, mwani unakosa chakula. Molasi ipo, viwanda vya sukari tunavyo Kilombero, Mtibwa na TPC Moshi.

#12 Mpwani wa Kisiju

Fundi, nilikuwa nasubiri swali hili. Molasi inafanya kazi, na sayansi yake imeandikwa vizuri na Avnimelech wa Israeli mwaka 1999: gramu 20 za wanga kwa kila gramu ya naitrojeni ya amonia unayotaka bakteria waichukue. Hebu tuiweke kwenye bwawa la watu wetu. Kilo 10 za chakula cha protini 35 zina naitrojeni gramu 560. Nusu yake, gramu 280, inakuwa amonia. Mara 20 ni kilo 5.6 za wanga. Molasi ina sukari kama nusu ya uzito wake, kwa hiyo unahitaji kilo 11 za molasi kwa kilo 10 za chakula. Kila siku. Na bakteria wanaokula hiyo sukari wanavuta oksijeni usiku na mchana.

Kwenye mashamba yanayofanya hivyo eareta hazizimwi. Makadirio ya kawaida ni nguvu farasi 1 kwa kambamiti kilo 400 hadi 500. Mtu asiye na eareta akimwaga molasi kwenye bwawa la sahani 18 ameongeza walaji wa hewa ambayo haipo. Ndiyo maana sikumwambia dada wa Lindi.

Mahali ambapo molasi inanifaa ni mwanzo wa msimu. Pumba za mpunga zilizosagwa, molasi kidogo, hamira, vinachachushwa siku moja au mbili kwenye pipa, vinamwagwa kidogo kidogo kabla vifaranga hawajaingia. Inaotesha wadudu wadogo wa majini ambao kifaranga anawala, na wao wanakula mwani. Diatomu nazo zinahitaji silika, kwa hiyo maji mapya ya bahari mwanzoni yanazisaidia zitangulie kabla ya wengine.

#13 Fundi wa Maji Tanga

Hesabu imenifungua macho, ila bado naamini dozi ndogo inasaidia kushusha pH hata bila kufika huko. Nimeiona kwa macho.

#14 Mpwani wa Kisiju

Kushusha pH, ndiyo, kwa sababu bakteria wanatoa kaboni dioksaidi. Mwenye hewa ya kutosha afanye mchana kweupe, kidogo, apime. Hapo tunakubaliana.

#15 Mfugaji Moro

Na hidrojeni peroksaidi je? Nimesikia inaua ile ya bluu na kuacha ya kijani.

#16 Mpwani wa Kisiju

Ni kweli mkuu. Sianobakteria wana kinga dhaifu dhidi yake kuliko mwani mwingine. Mwaka 2009 Waholanzi walitibu ziwa dogo la Koetshuis kwa miligramu 2 tu kwa lita na sianobakteria wakaporomoka. Uzuri wake inageuka maji na oksijeni, haiachi kitu kwenye tope. Bwawa la nusu ekari lenye kina cha mita moja lina maji mita za ujazo 2,000, kwa hiyo unahitaji kilo 4 za peroksaidi halisi, sawa na lita 10 hivi za ile ya asilimia 35. Hiyo inaunguza ngozi na macho, usiishike bila kinga. Na bwawa la kambamiti lina uchafu mwingi kuliko ziwa, unaimaliza dawa kabla haijafika. Jaribu kwenye ndoo zenye maji yako na kambamiti wako watano kwanza. Na kama sahani imeshafika 18, onyo la hewa ni lile lile: ukiua wengi kwa mkupuo lazima uwe na namna ya kuwapa kambamiti pumzi usiku huo.

#17 Mama Kambamiti Lindi

Kaka na wote, Mungu awabariki. Nimefuata kama ilivyoandikwa. Utando tuliutoa ndoo nyingi sana. Usiku wa pili wachache walielea alfajiri karibu na pampu, wengine wazima. Bamvua tumebadilisha maji mara mbili. Leo sahani 27, pH alasiri 8.6, chumvi 14. Wanakula kilo 4 na trei inabaki tupu. Maswali yangu mawili. Mnunuzi anataka kuja wiki hii, niuze? Na msimu ujao nisirudi hapa, nianzie wapi?

#18 Mpwani wa Kisiju

Dada yangu, umefanya kazi kubwa. Nimefurahi mno kusoma hii.

Kuuza, subiri. Sumu ya sianobakteria kwa kambamiti hukusanyika zaidi kwenye ini lake, ambalo liko kichwani, na kupika hakuiharibu. Waache kwenye maji yaliyobadilishwa hadi utando upotee kabisa na sahani ikae juu ya 30, na ukiweza peleka sampuli wapimwe kwanza. Watakapouzwa, uza waliokatwa vichwa, na umweleze mnunuzi ukweli. Kambamiti wa pwani yetu wanauzwa kwa jina zuri na tukilipoteza halirudi.

Maji unayotoa sasa yasiende moja kwa moja kwenye mashamba ya mwani ya kina mama wenzetu wala kwenye mkoko wanakookota chaza. Yapitishe mtaro mrefu au shimo yatuame kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatutaka hivyo, na wenye kumbukumbu ya mabishano ya mradi wa kambamiti wa delta ya Rufiji miaka ya 1990 wanajua jirani akishakosa imani na ufugaji huu inakuwaje.

Msimu ujao anzia kwenye tope. Ukishavuna kausha bwawa hadi ardhi ipasuke na mguu usizame, kisha ondoa tabaka jeusi katikati na kwenye kona ile ya kaskazini. Hapo ndipo fosforasi yako yote imelala. Pima pH ya udongo, maana ardhi ya mikoko ikikauka inaweza kuwa na asidi kali, ndipo uweke chokaa ya kilimo kulingana na kipimo na usubiri. Alkalini ya maji ivuke 100 kabla ya vifaranga, ndiyo inayozuia pH kuruka. Maji ya kwanza yaingie kwa mfuko wa kichujio cha maikroni 250. Na vifaranga panda wachache: bila eareta, mimi sivuki 5 kwa mita ya mraba.

Ukishakausha, tuma picha ya sakafu ya bwawa na pH ya udongo hapa hapa, tupige hesabu ya chokaa pamoja kabla hujanunua.